Kikohozi cha Mninga

Mafundi seremala wa hapa Milanzi wana dawa moja ya kifua, na dawa hiyo ni maziwa. Fundi akikohoa asubuhi, wenzake hawainui hata kichwa. "Mninga huo," wanasema, "kanywe maziwa." Na kweli vumbi la mninga ni baya. Linawasha pua, linakausha koo, linamtoa mtu mzima machozi. Kwa hiyo kila fundi anakohoa, kila fundi anakunywa maziwa, na kwa kuwa wengi wao hawafi wiki hiyo, maziwa yamejipatia sifa. Mimi nimekaa barazani na cherehani yangu miaka kumi na tisa, ukuta mmoja na karakana ya Romani, na maneno hayo nimeyasikia mpaka ningeweza kuyaimba. Nimeyasema pia, sitajificha.

Romani mwenyewe si mtu wa kuandikwa magazetini. Alizaliwa Milepa, bondeni kwenye joto, akapanda huku kwenye baridi akiwa kijana, akajifunza useremala kwa fundi mmoja wa misheni, na tangu hapo anatengeneza milango, vitanda na majeneza ya watu wa Sumbawanga. Ana hasira za karibu na hapendi misumari. Ukimletea mbao mbichi anakufukuza nazo. Ukimwambia mlango wa fundi mwenzake ni nafuu, anakuambia kanunue boksi ufungie nyumba yako. Wateja wanalalamikia mdomo wake na wanarudi kwake hivyo hivyo, kwa sababu mlango wa Romani haupindi hata upepo wa milima ya Lyamba lya Mfipa uvume mwezi mzima.

Mkewe, Kristiana, alikuwa rafiki yangu. Kazi yake karakanani ilikuwa msasa: kusugua ubao mpaka mkono upite bila kukwama. Alianza kukohoa wakati wa palizi. Kikohozi chake nilikijua kama mtu anavyojua hodi ya jirani: viwili vifupi, halafu kimoja kirefu cha kuvuta. Romani akamwambia ni mninga. Mimi nikamwambia ni mninga. Yule mama wa Kisukuma anayeleta maziwa kwa baiskeli akaambiwa aongeze lita moja kila asubuhi. Mahindi yakakomaa, yakavunwa, yakapukuchuliwa, Kristiana anakohoa na kunywa maziwa. Tulipompeleka hospitali alikuwa mwepesi kiasi kwamba Romani alimbeba peke yake. Daktari akauliza amekohoa kwa muda gani. Romani akajibu, tangu palizi. Daktari akahesabu kwa vidole, miezi saba, akaandika tu. Afadhali angemtukana. Siku ya kumi na moja tulimrudisha nyumbani kwenye jeneza alilolitengeneza mumewe.

Ilikuwa kifua kikuu. Ugonjwa wenye dawa, tena dawa ya bure, na pa kupimwa ni mwendo wa kutembea kutoka hapa barazani.

Baada ya mazishi walikuja wahudumu wa afya kutuandika majina, sote tuliokaa karibu na marehemu. Tukatoa makohozi, tukapigwa picha za kifua. Romani alikuwa mzima, mimi mzima. Dada yake Romani, Bertila, aliyekuja kumuuguza Kristiana miezi ile ya mwisho, alikuwa amesharudi Milepa kutayarisha shamba. Jina lake halikuandikwa. Hakuna aliyelitaja, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale.

Sasa kuna binti. Redempta ni mtoto wao wa pekee, na kichwa chake kinashika kila kitu. Alisoma hapa, akaenda chuo Dar, halafu akapata nafasi Ujerumani, na huko kazi yake ni kuchunguza mdudu wa kifua kikuu. Ndiyo, huyo huyo. Mtu akiniambia Mungu hana utani namwonyesha nyumba hii. Mtoto yuko Ulaya anamchungulia mdudu kwa hadubini kubwa kama chumba, na mdudu yuko jikoni kwao anakunywa maziwa. Hakuwahi mazishi. Simu aliyoyaonea mazishi nilikuwa nimeishika mimi, na kila nilipofuta machozi picha ilipotea, mpaka akaniomba nimpe mtu mwingine.

Mwaka ulipopita alimpigia baba yake na ombi la ajabu. Alikuwa anakuja likizo mwezi wa saba, na alitaka kuzunguka shule za sekondari kuwaeleza watoto kazi yake. Picha za kompyuta hazitoshi, alisema. Alitaka mfano wa mbao, mkubwa wa kushikwa kwa mikono miwili, wa ile mashine anayoichunguza.

"Mashine gani?" Romani akauliza. Simu alikuwa ameifungulia spika, na mimi niko hatua nne, kwa hiyo nilisikia yote.

"Ya kubomoa protini, baba. Iko ndani ya mdudu."

"Mdudu yule?"

"Ndiyo, baba. Yule."

Romani akachomoa penseli nyuma ya sikio. Halafu akasema, "Tuma vipimo."

Picha zikaja kwenye simu, tukaenda kuzichapisha kule mjini, akazibandika juu ya benchi lake. Zilikuwa na rangi za kupendeza, jambo lililomuudhi. Alitegemea kitu chenye sura mbaya. Kila Jumapili baada ya misa binti alimpigia kumfundisha, na polepole na mimi nikafundishika.

"Kila kilicho hai kinafanya kazi kwa protini," Redempta alisema. "Lakini protini inachakaa, baba. Inapinda, inaharibika, na ikiachwa inaleta matatizo. Kwa hiyo inafungwa alama, kama wewe unavyopiga chaki ubao mbovu. Kuna kofia inaishika alama hiyo, inaifumua protini kama mtu anavyofumua sweta, inausukuma uzi ndani ya pipa. Meno yamo ndani ya pipa. Vinavyotoka ni vipande vidogo, na vipande hivyo vinajengewa protini mpya."

"Kumbe ni ntumba," Romani akasema.

Binti akacheka. Ntumba ni yale matuta yetu Wafipa ya mviringo: masika yakielekea mwisho tunaligeuza shamba pamoja na majani yake, tunayafukia, yanaoza humo, na msimu unaofuata chakula kinaota juu ya uozo ule. "Ni ntumba, baba. Nitawaambia hivyo watoto, na wewe ndiye uliyenipa."

"Na mimi ninalo pipa hilo?"

"Unalo. Binadamu wote tunalo. Bakteria wengi hawana la namna hii, lakini huyu analo. Mwili ukimrushia sumu huko kifuani, protini zake zinaharibika, na pipa linamsaidia kusafisha. Ni moja ya mambo yanayomwezesha kuvumilia. Analala kifuani mwa mtu miaka na miaka, mwenye kifua hajui. Tunatafuta kizibo, baba. Kitu cha kuliziba pipa lake bila kuziba la kwetu. Lakini huwezi kutengeneza kizibo cha mdomo usioujua umbo."

Hilo Romani alilielewa kuliko wasomi wengi. Akachagua mbao. Akachagua mninga, ule mwekundu wa katikati ya gogo, na nilipomwangalia akasema, "Ndio unaochongeka." Sikumbishia.

Pipa lina pete nne, kila pete vipande saba. Alikereza, akachonga, akasugua, vipande ishirini na nane, kila kimoja kikishikana na mwenzake bila gundi. Alifurahi, kwa kadiri Romani anavyofurahi. Alipofika kwenye kofia ugomvi ukaanza.

"Redempta, wenzako wamekosea kuhesabu. Kofia ina vipande sita."

"Ni sita, baba."

"Pipa lina saba."

"Ndiyo."

"Sita juu ya saba haifungi! Fundi gani huyo? Hata mwanafunzi wa wiki moja ningemchapa."

"Ndivyo lilivyo. Kofia haijakazwa, baba, inacheza juu ya pipa."

Romani alikata simu. Siku nne alinung'unika juu ya sita na saba, akamweleza muuza mkaa, akamweleza katekista. Siku ya tano akachonga kofia ya vipande sita, akaiweka juu ya pipa kwa vijiti vinavyolegea, akaisukuma kwa kidole. Ikacheza, ikakaa, ikacheza. Akaitazama muda mrefu.

"Mmewahi kuliona kwa macho?" alimwuliza binti yake Jumapili iliyofuata.

"Tunaligandisha ghafla kwenye barafu nyembamba mno, tunalipiga picha kwa elektroni. Kila picha ni ukungu. Tunakusanya malaki ya picha, kompyuta inazipanga pamoja mpaka umbo linajitokeza."

"Kwa hiyo moja peke yake hamjawahi kuliona vizuri."

"Hapana, baba. Moja peke yake ni kama kivuli."

Alirudia neno hilo siku nzima, kivuli, akipuliza vumbi kwenye patasi.

Bertila alikuwa amesharudi wakati huo. Alikuja mwezi wa pili kumpikia kaka yake, kwa maana Romani alikuwa anaishi kwa chai na hasira. Ni mjane, mpole, mtu wa kuomba radhi kabla hajakanyaga mguu wa mtu. Aliuchukua msasa wa Kristiana bila kuombwa. Alikuwa anakaa uani, nyuma ya stoo ya mbao, anasugua vipande vile vidogo kwa subira ambayo mimi sina. Tunaitana wifi kwa sababu ya Kristiana.

Mwezi wa nne umeme ulianza kukatika mchana, karibu kila siku. Randa ya umeme ikizimika karakana inakuwa kimya ghafla, kimya cha kuuma masikio. Siku moja ya namna hiyo Romani alitoka barazani, uso umempauka.

"Mama Evans, umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Stoo. Mama Redempta amekohoa."

Nilimwambia akae, nikampa maji. Kesho yake umeme ukakatika tena, nikaacha kukanyaga cherehani, nikasikiliza. Viwili vifupi. Halafu kimoja kirefu cha kuvuta. Nywele zilinisimama mchana kweupe, watu wanapita barabarani na ndoo zao. Romani aliingia stoo. Mlikuwa na mbao zimesimamishwa ukutani, hapakuwa na mtu. Alisimama mbele ya zile mbao, nami nikamsikia anasema, taratibu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwake:

"Mama Redempta, nisamehe. Nilikuambia ni mninga."

Mahali fulani nyuma ya mbao kikohozi kikajibu.

Ninajua mnavyosema nyinyi wa kwingine. Mkisikia Sumbawanga mnaanza kucheka na kuuliza bei ya radi ya kumtumia adui. Jina lenyewe maana yake ni tupa uchawi, lakini hilo hamlisemi. Sikuona uchawi wowote pale. Niliona mwanamume aliyemuua mkewe kwa ujinga tulioshirikiana, na nilimsikia marehemu, na niliogopa, na nilifurahi kumsikia. Yote mawili kwa pamoja.

Ikawa desturi. Umeme ukikatika Romani anaweka chini kifaa chake, anaingia stoo, anaongea. Anamweleza Kristiana habari za pipa, za sita juu ya saba, za binti yao. Anaomba msamaha. Kikohozi kinakuja, anatoka, anafuta macho kwa mkono wenye vumbi, na jioni anakula ugali wake wote. Alianza kunenepa. Habari zikaenea mtaani kama kawaida, na mmoja akaja kumshauri aite mganga, mwingine akashauri padre aje abariki nyumba.

"Nani kawaambia nataka aondoke?" Romani akawafokea, na wakaondoka wao.

Katikati ya mwezi wa sita nilikwenda uani, choo chetu ni kimoja. Umeme ulikuwa umekatika. Nikamsikia Romani ndani ya stoo anaongea, na nje, kwenye upenyo kati ya ukuta wa stoo na jiko, nikamwona Bertila. Alikuwa ameinama, kitenge amekisokota amekijaza mdomoni, mabega yanaruka. Viwili vifupi. Kile cha tatu kilimponyoka.

Nilimshika mkono nikamvuta mpaka nyuma ya jiko.

"Wifi, ni wewe?"

"Usiseme, wifi. Nakuomba."

"Tangu lini?"

"Ni mninga tu. Nakunywa maziwa." Alipoona uso wangu akainamisha wake. "Mwanzo nilikuwa naingia stoo nikohoe asinisikie, nikisikia anakuja natokea mlango wa nyuma. Nilijua kikohozi kinamtesa kaka. Halafu akasema ni wifi Kristiana. Nikataka kumwambia. Lakini umemwona? Anakula. Analala. Nikimwambia ni mimi, nitakuwa nimemzika wifi mara ya pili."

"Bertila, Kristiana alikufa kwa kusema ni mninga."

"Mwache apumue kidogo. Redempta akishakuja na kuondoka, nitakwenda kupima."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo naijua tangu darasa la tatu. Nilimwona mifupa ya shingo ilivyotokeza, nilijua maziwa hayatibu, nilijua kwamba huyu ndiye ambaye jina lake hatukuliandika. Na nilinyamaza. Wiki tatu nilikanyaga cherehani na kunyamaza. Nilijiambia ni heshima, nimeombwa, si siri yangu. Ukweli ni mwingine. Hata baada ya kujua ni nani anayekohoa, umeme ukikatika nilikuwa naacha kushona, na kwa kitambo kidogo rafiki yangu alikuwa upande wa pili wa ukuta. Nilimuuza Bertila kwa kitambo hicho.

Redempta akafika mwezi wa saba, kwenye baridi ile ya kutoa moshi mdomoni. Alikuwa amevaa miwani na koti refu, akanipigia magoti nusu, "Shikamoo, Mama Evans," nikasema marahaba nikashindwa kumtazama. Bertila alimkumbatia haraka haraka, akageuza uso pembeni, akasema ana kazi jikoni.

Kesho yake, karibu saa sita, Romani alimwonyesha pipa. Aliliweka juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa kwa sababu ndiyo safi. Redempta aliligusa pete kwa pete, akapitisha kidole kwenye mdomo wa juu, akaizungusha ile kofia ya sita ikacheza juu ya saba, na miwani yake ikaingia ukungu.

"Baba, miaka sita naliangalia kwenye kioo. Sikuwahi kulishika."

"Ni zito kuliko nilivyodhani," Romani akasema.

Mara randa ikafa. Fundi mwingine kule ndani alikuwa anapiga ubao, akasonya, akatoka kwenda kuvuta sigara. Ukimya ukaja. Na kikohozi kikaja, kutoka nyuma, kimezibwa, lakini ni kile kile.

Romani aliinua kidole. Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyetunza zawadi. "Sikiliza, mwanangu. Mama yako huyo."

Nilitegemea mtoto asimame, aseme neno la kisomi, atuokoe sote. Ndiyo kazi yake, si ndiyo? Redempta aliweka pipa chini. Midomo yake ikafunguka. Kikohozi kikarudi, na yule msomi wa mdudu akapiga hatua moja kuelekea stoo kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Mama?" akasema. Halafu akaanza kulia. "Nilimsikia kwenye simu, baba. Nilimsikia akikohoa, nikauliza, mkasema mninga, na mimi nikasema mpeni maziwa. Mimi! Nilitoka maabara nikasema mpeni maziwa."

Baba akamshika bega. Wakageuka wote wawili kwenda kuongea na mbao. Nikaona kwamba watakwenda, watasimama pale, wataomba msamaha kwa pamoja, na Bertila atauma kitenge chake nje mpaka binti aondoke, na mwezi wa tisa tutakuwa tunachimba kaburi.

"Redempta," nikasema. "Usiingie stoo. Pita uani."

"Uani kuna nini?"

"Shangazi yako. Ndiye anayekohoa. Tangu mwezi wa nne."

Romani alinitazama kana kwamba nimemtemea mate kwenye chakula. "Mama Evans, usinitanie."

"Sikutanii, fundi. Kristiana amekufa. Aliye hai yuko nyuma ya jiko."

Redempta alikuwa ameshakimbia. Tulipofika alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi la mbao, amemshika Bertila viwiko, anamwuliza maswali kwa sauti ambayo sasa ndiyo ilikuwa ya kazi: unatoka jasho usiku, umepungua, umetoa damu? Bertila alikuwa ameficha kitenge mgongoni. Redempta alikichukua, akakifunua, na sote tukaona doa.

Romani alisimama mlangoni. Alitazama kitenge, akatazama upenyo wa ukuta wa stoo, na nikaona anavyolipima jambo lile kama anavyopima ubao, kipande kwa kipande, mpaka likakaa.

"Kwa hiyo nilikuwa naongea na nani?" akauliza.

"Na mimi, kaka," Bertila akasema. "Nilisikia yote. Nisamehe."

Nilidhani atapiga kitu. Alivua aproni yake, akamfunika dada yake mabegani, kwa kuwa upepo ulikuwa mkali, akasema, "Twende." Tukaita bajaji. Hospitalini mhudumu aliuliza amekohoa muda gani. Bertila akafungua mdomo aseme juu ya vumbi, Romani akamtangulia. "Miezi mitatu na zaidi. Na si vumbi."

Redempta alinikuta barazani jioni. "Mama Evans, ulijua?"

"Nilijua. Wiki tatu."

Alinitazama, akaingia ndani, hakunisemesha siku mbili. Nilistahili zaidi ya hizo mbili.

Makohozi yalikuwa na wadudu. Bertila akaanzishiwa dawa, miezi sita, na Romani akaandikwa kuwa msimamizi wake, yaani mtu wa kuhakikisha kila asubuhi vidonge vinamezwa. Anahakikisha kama polisi. Anasimama na kikombe, anamwambia fungua mdomo, anachungulia. Sisi wengine tukapimwa upya, tukawa salama. Siku ya tatu Redempta alikuja kukaa karibu na cherehani yangu, akanieleza bila kuulizwa kwa nini miezi ni mingi hivyo: wadudu walioamka wanakufa mapema, lakini kuna waliolala, wamejikunja, wanavumilia, na dawa inabidi iwangoje. Ndio hao anaowatafutia kizibo. Akasema labda kitapatikana, labda yeye hatakiona. Niliona amenisamehe, au amechoka kunikasirikia.

Shuleni alikwenda na baba yake. Walienda shule tano. Romani ndiye aliyelishika pipa, na nasikia ndiye aliyesema zaidi. Aliwaambia watoto fundi wa mashine hii hajui timazi, wakacheka, kisha akawaambia mke wake alikufaje na kosa lilikuwa la nani. Hakupunguza kitu. Mwisho wa mwezi Redempta aliondoka.

Bertila alipona haraka kuliko tulivyotegemea. Wiki ya tatu ya dawa kikohozi kilipungua, wiki ya sita kikabaki cha asubuhi, na mwezi wa tisa ulipoingia hakuwa anakohoa kabisa. Mashavu yamerudi. Anaimba akiosha vyombo. Kila mtu anamsifu Romani kwa usimamizi, na ni haki yake.

Juzi umeme ulikatika mchana. Randa ikazimika. Nikamsikia Romani anaweka chini patasi, anaingia stoo, anasimama. Alikuwa anangoja. Nami nikaacha cherehani. Bertila alikuwa uani anaanika maharage, anapumua vizuri. Tulikaa hivyo muda mrefu, mpaka umeme ukarudi na mashine ikaanza kuunguruma tena, na Romani akatoka akaja kusimama barazani kwangu akiangalia barabara.

"Mama Evans," akasema, "Mungu anisamehe. Nimetamani akohoe."

"Hata mimi," nikamjibu.